Kiti Kinazunguka, Figo Zinalipa

Wasee wa Baraka, Fizi Centre na Ubwari, huku Kongo kando ya Tanganyika, leo stori ni ya biro, yaani kazi ya ofisi. Ile biro kila mtu mtaani anaiota akilala na kuisifia akiamka.

Luku ya mji imebadilika, tusidanganyane. Zamani sonko wa huku alijulikana kwa mtumbwi, nyavu na taa za kuvulia ndagala usiku. Ikaja 2015, kambi ya Lusenda ikafunguliwa kupokea wakimbizi kutoka Burundi, mashirika yakajaa kwenye barabara ya ziwa, na sonko mpya akazaliwa. Huyu ana baji shingoni, lapto mgongoni na kiti kinachozunguka. Baji haivuliwi. Inaenda soko. Inaenda kanisa. Inaenda mpaka kwa wakwe, hata kama kontrati iliisha tangu mvua za mwaka jana.

Na si wasee wa ONG peke yao. Kuna dada wa kibanda cha M-Pesa, amekaa toka asubuhi mpaka giza. Kuna masta wa sekretaria, fotokopi na kupiga mashine, shingo imepinda. Kuna karani wa teritware na mafaili yake. Kuna dogo wa kujaza nyimbo na filamu kwenye flashi. Wote hao ni mabosi wa kiti. Nawakubali wote. Ndiyo maana nawaambia wazi: hicho kiti kina bili, na bili haiendi kwa mwajiri. Inaenda kwa figo zako.

Wasee wawili wa nyuma

Figo ni wasee wawili wanaokaa nyuma, chini ya mbavu, kila mmoja saizi ya ngumi yako. Hawapigi kelele. Hawaombi likizo. Lakini kazi wanayopiga, hakuna ajenti wa mshahara wa dola anayeikaribia. Kila figo ina vichujio karibu milioni 1. Kwa siku moja zote mbili zinachuja kama lita 180 za maji ya damu, zinarudisha karibu yote mwilini, halafu zinatoa lita 1 au 2 tu za mkojo. Lita 180, maze. Hayo ni madumu 9 ya lita 20. Jaribu kuyapandisha mwenyewe kutoka ziwani, kila siku, Jumapili ikiwemo, ndio utawaheshimu.

Na hapo hawajamaliza. Wanapima chumvi. Wanashika presha isipande. Wanatuma habari kwenye mifupa itengeneze damu mpya. Ukiona mtu amepauka, amechoka, anahema juujuu akipanda kilima cha Fizi, kuna siku tatizo limeanzia kwa hao wasee wawili, na jirani anayesingiziwa uchawi hana kosa lolote.

Noma yao ni moja: ni wapole kupita kiasi. Figo zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake na wewe bado unacheza mpira Jumapili, bado unapiga picha kando ya ziwa. Mwaka 1858 mpelelezi mzungu Burton alipita huku na mtumbwi, akaitazama rasi ya Ubwari, akaandika kwamba ni kisiwa. Wabwari wenyewe walijua kabisa kwamba nchi yao imeshikana na bara. Ndivyo kutazama tu kulivyo. Figo haziangaliwi kwa sura, zinapimwa. Duniani, mtu mzima 1 kati ya 10 hivi ana ugonjwa sugu wa figo, na wengi wao hawana habari.

Kitambi si cheo

Bosi wa kiti anaingia saa mbili. Anazunguka mara moja ili wote waone kiti. Halafu ndio hiyo, mpaka jioni. Akitoka, pikipiki mpaka nyumbani. Mita mia tatu, pikipiki. Eti kutembea na baji ni kuchoma picha.

Sasa sikia kinachoendelea ndani. Misuli ndiyo mlaji mkubwa wa sukari ya damu, hasa ile ya miguu. Ukikaa kutwa, misuli imelala, na sukari inazurura kwenye mishipa. Uzito unapanda. Presha inapanda. Na kisukari na presha ndio wauaji wawili wakubwa wa figo dunia nzima, hakuna anayewafikia. Presha inavigonga vile vichujio vidogo mpaka vinakakamaa. Sukari inavichakaza mpaka vinaanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Kiti chenyewe hakigusi figo. Kazi yake ni kuwafungulia hao wawili mlango.

Nenda sasa ukamwambie mzee kwamba kitambi ni hatari. Atacheka mpaka kikohozi kimshike. Kwake kitambi ni cheo, ni ushahidi kwamba mama anapika na mshahara unaingia. Mtu mwembamba, kwake, ana mawazo. Papa, kwa heshima zote, hiyo stori ibaki huko huko enzi za Mobutu. Siku hizi tunashika utepe wa fundi nguo, tunazungusha kiunoni, na ukizidi kupanda tunaanza kutembea.

Halafu chumvi. OMS, shirika la afya duniani, wanasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Cheki dishi la mchana: bugali, sombe, ndagala kavu zilizolala kwenye chumvi, na kyubu mbili za mchuzi zimevunjwa juu. Sehemu kubwa ya hiyo kyubu ni chumvi. Na bado kuna msee anamwaga nyingine kabla hajaonja, mkono umezoea tu. Hakuna anayesema uache ndagala. Ukiacha ndagala wewe ni mtu wa wapi? Zioshe kwa maji ya moto, mwaga yale maji, kyubu iwe moja au isiwepo. Ladha itabaki. Nyanya na pilipili zipo kwa kazi hiyo.

Sukre ya baridi

Saa nne, jua la pwani limeshawaka. Bosi wa kiti anamtuma dogo: niletee sukre ya baridi. Saa nane, nyingine. Jioni ni enaji, kwa sababu ripoti ni ya kesho na mfadhili anangoja. Chupa juu ya meza ni luku. Kuna wanaoacha chupa tupu hapo hapo makusudi, mgeni akiingia ajue humu pesa ipo.

Chupa moja ya mililita 330 inabeba kama gramu 35 za sukari. OMS wangependa mtu mzima asizidi gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa, kwa siku nzima. Chupa moja tu, umeshapita. Chupa tatu, na miguu haijasogea tangu asubuhi? Hiyo sukari inaenda wapi, masta? Piga pia hesabu ya mfuko. Doo ya sukre tatu kila siku ya kazi, mwezi ukiisha, ni ndula mpya kabisa. Unakunywa ndula. Halafu unalia mshahara ni mdogo.

Kiuno kinalia, diklo inacheka

Kiti kinazunguka lakini mgongo hakishiki. Ikifika Alhamisi, kiuno kinalia. Hapo wazee wanafika mbio: hizo ni figo, kunywa mizizi. Mizizi gani? Kiasi gani? Hakuna anayejua, ila kila mmoja ana shangazi aliyepona. Ukweli ni huu. Maumivu ya mgongo ya mtu wa kiti, mara nyingi ni misuli. Figo zinazoharibika polepole kwa kawaida haziumi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Figo zikiuma kweli utajua: ni upande mmoja chini ya mbavu, jiwe linakukata mpaka kinena na kukutapisha, au homa na baridi kali vinakuja pamoja na mkojo unaochoma. Hiyo ni hospitali, siku hiyo hiyo. Na kati ya mizizi ya kienyeji isiyopimwa kuna ile inayoziua figo yenyewe.

Vijana nao wajuaji. Wanamkimbia mzee na mizizi yake, wanaenda farmasi kununua dawa za maumivu: nipe diklo, nipe ibuprofeni. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, wiki inaisha, mwezi unaisha. Wasee, hizo dawa hazina mchezo. Mwili una kemikali inayoweka wazi mshipa wa kuingiza damu kwenye figo. Diklo na ibuprofeni zinaizima, mshipa unabana, damu inapungua. Ukiwa umekunywa maji ya kutosha na ni siku mbili tatu tu, mwili mzima unavumilia. Ukiwa mkavu, una presha, na unameza kila siku, unazinyonga figo zako kwa pesa yako mwenyewe. Parasetamoli kwa kipimo chake ni laini zaidi kwa figo. Na dawa bora ya kiuno cha kiti ni bure: inuka, nyoosha, zunguka uwanja, rudi.

Stori ya choo

Sasa tufike penye ukweli wenyewe, pale hakuna anayetaka kupagusa kwenye mkutano wa Jumatatu. Kwa nini bosi wa kiti hanywi maji?

Tunaishi kando ya Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani. Zaidi ya mita 1,400 za maji matamu, hapo mlangoni. Lakini juu ya meza, kikombe salama hakuna. Pwani hii, kutoka Uvira mpaka Fizi, inakijua kipindupindu vizuri sana, kwa hiyo mtu mwenye akili hagusi maji yasiyochemshwa wala kutiwa klorini. Na yuko sawa kabisa. Kipindupindu kikali kinamkausha mtu kwa saa chache, damu inakosa msukumo, figo zinazima. Kwa hiyo maji lazima yawe safi. Kuyachemsha ni makala, na makala ni doo. Kununua ya chupa ni doo zaidi. Msee anaona bora akae na kiu, jioni atakunywa kwao.

Hiyo ni kufuli ya kwanza. Ya pili ndiyo kubwa. Choo.

Choo cha biro kiko nyuma ya jenereta. Ni kimoja kwa watu wote. Ndoo haina maji, sabuni ilionekana siku wageni walipokuja, mlango unashikiliwa na jiwe. Au kizuri kipo, chenye vigae, lakini kina kufuli. Ufunguo uko kwa msee wa lojistiki. Msee wa lojistiki yuko Uvira.

Mfikirie dada wa hiyo biro. Akitaka kwenda, lazima akatize uwanja mzima, apite mbele ya madereva wote, aulize ufunguo kwa sauti, angoje, arudi huku anatazamwa. Siku za mwezi ndio usiseme. Kwa hiyo anaamua mapema, asubuhi, kabla hajatoka nyumbani: leo sinywi kitu. Yule wa kibanda cha M-Pesa yuko peke yake na sanduku la pesa. Amwachie nani? Naye hanywi. Anabana. Saa sita, saa tisa, anabana tu.

Mwili unaandika yote. Maji yakipungua, mkojo unakuwa mzito, chumvi zilizomo zinagandana, mawe yanaanza. Kibofu kikibanwa kutwa, vijidudu vinapata muda wa kuzaliana badala ya kusukumwa nje. Kwa mwanamke njia ya mkojo ni fupi, vijidudu vinapanda upesi, na visipotibiwa vinafika kwenye figo. Akiwa mjamzito, hatari inamgusa na mtoto. Sasa mtu kama huyo ukimwambia “kunywa maji mengi”, umemwambia nini? Umemwongezea adhabu.

Ndiyo nasema: kiu ya biro inaanzia chooni. Kuna wanaoenda vijijini asubuhi kufundisha usafi wa maji, bango limenyooka, fulana zinang'aa, halafu mchana choo chao wenyewe kina kufuli. Kuna bosi amenunua kiti cha ngozi na hajanunua ndoo yenye bomba. Kama ni aibu, iwe ya huyo. Dada anayeulizia ufunguo hajachoma picha yoyote.

Ngozi ya biro

Kuna bili nyingine inaingia kwa jina la urembo. Biro ina taa na picha za mkutano, na kuna anayeona lazima ang'ae kuliko projekta. Krimu za kujichubua zinauzwa sokoni wazi wazi, nyingine hazina hata orodha ya kilichomo. Tatizo ni zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inatua kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima waliokuwa wanavimba kwa sababu figo zao zinavujisha protini. Wengi wao walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi. Miaka zaidi ya 50 imepita tangu waonye, na bado mtu anauza uso mmoja na figo mbili kwa bei ya kikopo. Ngozi yako ilikuwa fiti toka mwanzo, dada. Na wewe kaka pia, usijifiche, tunakuona.

Kiti kingine

Figo zikikataa kabisa, kuna kiti kingine kinakungoja, na hiki hakizungushwi. Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, daktari Willem Kolff aliunda mashine ya kusafisha damu kwa kuzungusha ngozi bandia za soseji kwenye ngoma ya mbao. Leo mashine ni za kisasa, lakini ratiba ni nzito: kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara, sindano mkononi, maisha yote, au mpaka upate figo ya mtu mwingine.

Na bei? Kenya, bima ya taifa ya zamani, NHIF, ilikuwa inalipa shilingi 9,500 kwa kikao kimoja. Zidisha kwa 3, halafu kwa wiki za mwaka. Tanzania, Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata 2018. Heshima kubwa kwao. Lakini wewe uko Baraka. Kwanza uvuke ziwa mpaka Kigoma, kisha kutoka hapo reli mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa ajili ya kitu ambacho chupa ya maji, miguu na kipimo cha presha vingeweza kukizuia kwa wengi wetu.

Luku mpya ya mtaa

Basi trendi mpya ni hii, na mapema ndio best.

Chupa yako ya maji safi, yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini, inakaa mezani pale sukre ilipokuwa. Mtu mzima mwenye afya, kama lita 2 kwa siku zinamtosha, jua likizidi ongeza. Cheki rangi: mkojo mweupe-njano ni poa, ukiwa wa chai nzito, kunywa. Kama tayari una ugonjwa wa figo au moyo, kipimo cha maji unapewa na daktari, si na mimi.

Kila nusu saa, inuka. Simu ikiita, ongea ukitembea. Nyumbani rudi kwa mguu. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki ndizo OMS wanazotaka, na Baraka ina pwani ya kutosha kuzimaliza.

Pima presha hata kama unajisikia fiti. Pima sukari na mkojo. Kile kijiti cha kupima mkojo kinaona protini zamani sana kabla miguu haijavimba. Mkojo wa povu lisiloisha, macho kuvimba asubuhi, damu kwenye mkojo: usingoje mshahara, nenda. Ukiwa na presha au kisukari, meza dawa zako kila siku, na omba daktari akupime kreatinini ya damu.

Na choo. Hiki usikibebe peke yako, kwa sababu hakijaharibiwa na wewe peke yako. Choo chenye maji, sabuni na mlango unaofunga kwa ndani ni kifaa cha kazi, sawa na kompyuta. Kiingie kwenye bajeti, kiandikwe kwenye ripoti, kisemwe kwenye mkutano wa Jumatatu mbele ya bosi. Dada wa M-Pesa apate jirani wa kumshikia kibanda dakika tano, na zamu irudi. Na wa kwanza kunyoosha mkono kwenye huo mkutano awe mwanaume, ili dada asiachiwe peke yake kusema jambo linalotuumiza wote.